Nafasi Niliyoiacha Kwenye Daftari

19 Machi

Leo ni siku ya ishirini na sita tangu niwe mke wa Ermek, na daftari hili la bluu ndilo zawadi aliyoniletea kutoka Batken. Alilificha ndani ya gunia la unga ili mama yake asilione, kwa hiyo kurasa zake bado ni nyeupe kuliko kurasa za kawaida, na nikizipuliza napiga chafya. Nimeamua humu niandike mambo ya moyo tu. Lile daftari jingine, kubwa lenye jalada jeusi, ni la Mkutano wa maji. Humo naandika ahadi za watu wa nchi tatu. Humu nitaandika Ermek. Ermek, Ermek, Ermek. Mbele ya mama mkwe simwiti kwa jina, namwita "yule", basi acha nilishibe hapa.

Jina la baba yake ni jambo lingine. Hilo silitamki wala siliandiki popote, hata humu. Mama yangu alinifunza kabla sijafungwa kitambaa cheupe: mke hataji majina ya wakwe zake, wawe hai au wamekufa. Hujitungia jina lake mwenyewe. Mimi nilimpa Mwenye Jembe, kwa sababu hata akienda msikitini jembe liko begani. Yeye ndiye mgawa maji wa kijiji chetu, miaka ishirini na tatu sasa. Aliposikia jina hilo alicheka mpaka akakohoa. Akasema nimemtendea wema, maana bi harusi wa jirani anamwita mkwe wake Mwenye Masharubu, na masharubu yenyewe alishayanyoa zamani.

21 Machi

Nooruz. Tumekoroga sumolok, uji wa ngano iliyochipua wa mwaka mpya, tangu jana, wanawake kumi kwa sufuria moja. Katika bakuli langu nilikuta kokoto, nami nikaruhusiwa kuomba jambo moja. Niliomba nisije nikamchukia Ermek hata kwa dakika moja. Wenzangu waliniuliza nimeomba nini, nikasema mtoto, wakafurahi.

24 Machi

Mkutano umefanyika leo kwenye lango kuu la mfereji, na nimechoka vizuri.

Mwaka jana nilifika pale nikiwa msichana wa watu, nimetumwa na kijiji cha mama yangu kwa sababu naandika mwandiko mzuri na najua Kitajiki. Ermek alikuwa akizoa matope pamoja na wanaume wa pande zote mbili, akainua koleo kwa madaha ili nimwone, matope yakamrudia usoni. Leo nimekaa pale pale, ni mke wake, na yeye alikuwa ananitazama kwa mbali kana kwamba bado hajanipata.

Asubuhi tulisafisha mfereji. Sisi wa Oruk-Bashi tulianzia juu, watu wa Safedbogh walianzia chini upande wa Tajikistan, tukakutana mpakani kwenye bamba la saruji. Waliotoka Uzbekistan walikuja na miche ya mipopla ya kushikilia kingo. Kisha tukala pilau, na Mwalimu Hosiyat akafungua Mkutano. Yeye ni Mwuzbeki, amefundisha kemia miaka thelathini, na hata wazee wenye ndevu wanamwogopa. Alikuwepo kijana mmoja wa shirika kutoka mjini aliyeeleza maendeleo endelevu kwa nusu saa. Mwalimu Hosiyat akamshukuru, kisha akasema kwamba kwa maneno machache maana yake ni mjukuu wako asije akakutukana kaburini.

Ndipo akasoma kanuni zetu, kama kila mwaka. Hapa hatuweki sahihi, sahihi ni za ofisini na zimejaa makabatini. Hapa mtu anasimama, anasema ahadi yake mbele ya wote, katibu anaiandika pamoja na jina lake, na Mkutano ujao inasomwa naye anasimama kujibu. Ahadi isiyo na jina haisomwi. Aliyeahidi akifariki, anasimama badala yake mtoto aliyebaki kwenye nyumba yake.

Ahadi zilikuwa nyingi. Mwanamume mmoja aliahidi kutotupa nepi za wajukuu mtoni, mkewe akapaza sauti aandikwe kwa herufi kubwa. Kisha Mwenye Jembe akasimama. Alisema baridi haijaondoka, theluji mlimani itachelewa kuyeyuka, na Mei maji yatakuwa machache kuliko tulivyozoea. Mei ndiyo wakati aprikoti zinajaa, na watu wa chini ndio wanaokosa kila mwaka. Halafu akasema hivi, niliandika neno kwa neno:

"Yawe mengi, yawe machache, siku tatu katika kila kumi ni za Safedbogh. Kuanzia tarehe tisa Mei mpaka aprikoti ziive. Mimi nimesema."

Hakuna mgawa maji wa juu aliyewahi kusema hivyo. Kando yangu alikuwa ameketi Mavjuda, katibu wa upande wao, mjane, rafiki yangu tangu mwaka jana. Ana miti kumi na miwili ya aprikoti na hana kitu kingine. Aligeukia pembeni akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa.

Niliandika ahadi yote. Nilipofika kwenye jina nikaacha nafasi. Mavjuda aliona, akaelewa mara moja, maana hata kwao bi harusi wana haya zao.

"Nipe kalamu niandike mimi," akaninong'oneza. "Mimi si mkwe wake."

Nilikataa. Nimwambie nani ukweli kama si daftari hili? Nilitaka jina lile liandikwe na Ermek. Nilitaka kwenye ukurasa ule, kwenye ahadi nzuri kuliko zote, mwandiko wake ukae karibu na mwandiko wangu, na wajukuu wetu waje kuuona. Nilimwambia Mavjuda hivyo, akanifinya shavu, akasema, "Lo, bi harusi wewe, utamaliza asali yote mwezi wa kwanza."

25 Machi

Nimemwomba Ermek aandike jina. Mikono yake ilikuwa na mafuta ya trekta. Amesema kesho.

28 Machi

Upepo. Nimefua.

2 Aprili

Nalia huku naandika, lakini ni kwa furaha.

Ermek alinifunga macho kwa kitambaa changu mwenyewe na kunipeleka juu ya kijiji, kwenye kile kipande cha ardhi kavu ambacho hakikuwahi kuoteshwa kitu. Aliponifungua niliona mashimo arobaini kwa mistari, na katika kila shimo mche wa aprikoti, mwembamba kama kidole. Amekuwa akichimba tangu Februari, kila siku nikidhani yuko kwenye trekta. Akasema, "Hii si ya baba wala si yangu. Hii ni yako, Nuriza." Mtu gani aliwahi kupewa shamba zima la miti na mumewe?

Nilimuuliza maji yatafikaje juu kote huku. Akasema atachimba tawi dogo kutoka mferejini, nisijali.

Nilimkumbusha na jina. Alinibusu akasema maneno ya daftari jeusi yasiingie katika siku ya leo. Nikaona ana haki.

6 Aprili

Miti imechanua yote, bonde zima ni jeupe, na baridi imerudi. Mwenye Jembe amekwenda shamba kwa shamba akiwasha majani mabichi ili moshi uyafunike maua. Ameshinda nje na koti moja.

7 Aprili

Baridi bado. Mto umepungua mpaka mawe ya katikati yanaonekana. Huku kwetu maua yamepona, Mavjuda naye amenipigia simu kwamba kwao yamepona pia. Alimwombea Mwenye Jembe maisha marefu.

11 Aprili

Mwenye Jembe anakohoa. Amekataa kwenda hospitali mpaka apande ngano ya mwisho.

14 Aprili

Leo aliniita. Nilikuwa nimemletea chai, nikammiminia nusu bakuli kama inavyopasa, akasema leo nimjazie, hana nguvu ya kunisumbua nirudi rudi. Mama mkwe alikuwa amesinzia kwenye mkeka. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Yale ya Safedbogh umeandika, mwanangu?"

"Nimeandika, Baba."

"Vizuri. Vijana watataka kuyazungusha maneno. Maadamu yameandikwa, sina shaka."

Niliinama, nikachukua bakuli, nikatoka. Daftari jeusi lilikuwa kwenye sanduku langu, hatua sita kutoka kitandani kwake. Ningeweza kulileta nikampa kalamu yeye mwenyewe. Niliona aibu asije akajua kwamba nilisema nimeandika na kumbe nusu tu.

16 Aprili

Amefariki jana kabla ya adhuhuri.

Siwezi kuandika.

22 Aprili

Siku saba zimepita. Nyumba imejaa watu na nimemimina chai nyingi kuliko maisha yangu yote. Wanawake wameomboleza kwa kuimba, mama mkwe ameketi uso ukiwa umeelekea ukuta, naye katika maombolezo yote amemwita "kivuli cha mlango wangu". Miaka arobaini na moja ya ndoa, na hajalitaja jina lake, hata sasa yuko kaburini. Wanaume walimwosha, wanaume wakamzika, wanaume wakamtaja. Ndani ya nyumba jina limekatika kama maji yanavyokatika.

Ermek hali chakula. Nimemshika mikono usiku na mchana. Hata katika huzuni yake ni mzuri, Mungu anisamehe kwa kuandika hivi.

3 Mei

Kijiji kimemchagua Ermek awe mgawa maji badala ya baba yake. Amechukua jembe la baba begani. Nilimtazama akishuka mteremko nikajivuna.

Jioni nilimletea daftari jeusi. Nilimwambia tarehe tisa iko karibu, na jina bado. Alilisoma lile neno la baba yake, akalisoma tena. Halafu akalifunga taratibu na kunirudishia.

"Acha kwanza," akasema.

8 Mei

Jua kali, lakini mto ni mdogo vile vile. Theluji iko juu kabisa na haitaki kushuka.

9 Mei

Ermek amefungua lango la chini, la kupeleka maji Safedbogh, leo asubuhi.

10 Mei

Amelifunga. Siku moja tu. Nilidhani amesahau hesabu, nikamwambia kwa upole, leo na kesho pia ni zao. Akasema maji ni nusu ya mwaka jana na watu wa kijiji wanamtazama yeye, hawamtazami marehemu.

12 Mei

Mavjuda amekuja kwa miguu. Alikaa kwenye kibaraza, hakuvua hata viatu vya shamba, kwa hiyo nikajua hakuja kutembea. Mama mkwe alimpa mkate wa moto. Wakaongea kuhusu marehemu kwanza, na Mavjuda akalia kwa kweli, kisha akauliza juu ya zile siku mbili.

Nilisema, maji yamepungua. Nikajisikia nikisema maneno ya Ermek kwa mdomo wangu. Mavjuda akatazama mlimani, kule kwenye kipande cha ardhi kilichokuwa kikavu. Kutoka kibarazani kwetu miche arobaini inaonekana waziwazi, na tawi la maji linang'aa kando yake.

"Hiyo ndiyo zawadi yako," akasema.

"Ndiyo."

"Imeshika vizuri. Majani ni makubwa." Akanigeukia. "Mdogo wangu, yangu inaangusha matunda. Tunda likikosa maji sasa linaanguka likiwa kama jicho la mbuzi. Sina mwingine wa kumwambia. Jina uliandika?"

Nikammiminia chai. Yeye hakuuliza tena. Aliuacha mkate kwenye kitambaa, umemegwa mara moja tu.

13 Mei

Nimemuuliza Ermek kwa nini haandiki jina.

Aliniambia ukweli, sasa nadhani ingekuwa heri angenidanganya. Alisema baba yake aliahidi akiwa na nguvu na jina kubwa, watu wangemvumilia. Yeye ana siku kumi katika kazi, akitoa siku tatu kijiji kitasema mtoto hajui kufunga lango. Na miche yangu mwaka huu ndio inatia mizizi, ikikauka sasa imekufa. Halafu akasema, "Wewe mwenyewe umesikia kanuni, Nuriza. Ahadi isiyo na jina haisomwi. Isiposomwa, sisimami. Hakuna aliyedanganya. Hujaandika uongo wala sijaandika uongo."

Nilisema niliiacha ile nafasi kwa ajili yake.

"Najua," akasema. "Na heshima yako kwa baba imetusaidia."

Alisema kwa upendo. Alinikumbatia. Nilibaki nimesimama kama mtu aliyevalishwa koti la mtu mwingine. Tangu niliposimama mbele ya mullah mpaka leo sijawahi kutaka aniondolee mkono wake, na leo nilitaka.

Nimelikumbuka lile kokoto la Nooruz. Ombi langu limedumu siku hamsini na tatu.

14 Mei

Miche inahitaji kupaliliwa. Nimepalilia.

19 Mei

Zamu ya pili. Lango halikufunguliwa kabisa.

20 Mei

Wala leo.

25 Mei

Arobaini ya marehemu. Tulichinja, tukapika pilau katika masufuria matatu. Sikutegemea watu wa chini waje, lakini walikuja, wanaume kumi na wanne na wanawake saba, wamebeba mikate kwenye vitambaa vilivyofungwa, kama wanavyokwenda kwa ndugu. Waliomba dua ndefu kwa Kitajiki. Walimtaja kwa jina mara nyingi, nami niliinamisha kichwa kila mara kama inavyopasa, na kila mara ilikuwa kana kwamba mtu ananigusa kwa kidole.

Hakuna aliyetaja maji. Walikula, wakanawa, wakashukuru. Mzee wao mmoja alipokuwa akiaga alimwambia Ermek kwamba baba yake alikuwa mtu wa kusema akatenda, na Ermek akaitikia, "Ni kweli, mzee." Nilikuwa na birika mkononi. Nilimtazama mume wangu usoni, uso niliouandika humu kurasa nzima nzima, nikaona masikio yake yamekuwa mekundu. Kumbe anaona aibu. Sijui kama hilo linanifariji au linaniumiza zaidi. Mtu asiyeona aibu ningemwacha kwa urahisi.

Mavjuda hakuja.

30 Mei

Joto. Theluji imeanza kushuka, mto unakua kidogo. Kwa nini haukukua wiki tatu zilizopita?

8 Juni

Nimemwambia mama mkwe nakwenda kumtembelea Mavjuda, na nimekwenda peke yangu.

Kuna majira ambayo Safedbogh unaisikia kabla hujaiona, watu wanapanga masinia ya kuanikia matunda juu ya mapaa na watoto wanagonga kokwa kwa mawe. Leo palikuwa kimya. Mavjuda hakunilaumu. Alinitandikia godoro kivulini, akanimiminia chai, nusu bakuli, heshima ile ile. Kisha nikaomba anionyeshe miti.

Chini ya miti ardhi ilikuwa imefunikwa kwa matunda madogo ya kijani, yamekauka, yanavunjika chini ya viatu. Mitano imekauka mpaka matawi ya juu. Aliwahi kuniambia mitano hiyo alipanda na mumewe mwaka walipooana. Nilikuwa nimesahau. Saba ina majani, lakini matunda yamebaki ya kuhesabika.

"Hii saba itapona maji yakirudi," akasema. "Mwakani itazaa."

Nikamwambia kila kitu. Kwamba jina halikuandikwa, kwamba Ermek hataki, kwamba baba mkwe aliniuliza kitandani nami nikasema nimeandika. Nilitegemea anifukuze.

Alisema tu, "Nilikuomba kalamu."

"Uliniomba."

"Nilikuwa karibu hivi." Akanyoosha mkono, akaonyesha umbali uliokuwa kati yetu siku ile, kiganja kimoja na nusu.

Nimerudi kwa miguu na jua kali. Nilipopita kwenye miche yangu, miche mizuri, yenye majani mapana, sikuweza kuitazama.

15 Juni

Ermek ananiletea maua ya mlimani kila siku. Nayaweka kwenye maji.

21 Juni

Kesho ni Mkutano wa kiangazi. Mimi ndiye nitakayesoma. Ermek amesema, kwa sauti ya kawaida kabisa, nikifika kwenye ule mstari niuruke.

22 Juni

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Tulikutana tena langoni. Watu walikuwa wachache upande wa Safedbogh, na waliokuja walikaa mbali kidogo na mkeka wetu. Mwalimu Hosiyat aliniita nisome. Nilianza na ahadi ya kwanza. Yule wa nepi alisimama akasema ametimiza, mkewe akasema karibu yote, watu wakacheka. Wa mipopla akasimama. Nikasoma ya nne, ya tano. Ya sita ilikuwa ya Mwenye Jembe.

Ermek alikuwa amekaa safu ya mbele, jembe la baba yake limelala magotini. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama anavyonitazama asubuhi, kabla sijaamka kabisa. Hilo ndilo lilikuwa gumu.

Nikaisoma. Yawe mengi, yawe machache, siku tatu katika kila kumi ni za Safedbogh. Nikafika kwenye nafasi tupu, nikanyamaza.

"Jina?" akauliza Mwalimu Hosiyat.

Wanaume wa kijiji chetu walitazama chini. Kila mmoja wao alilijua, kila mmoja angeweza kulisema, na hakuna aliyefungua mdomo. Mama mkwe alikuwa kati ya wanawake nyuma yangu. Nilijua akilisikia kwangu, mbele ya nchi tatu, itakuwa kana kwamba nimempiga. Mavjuda alikuwa kando yangu. Safari hii hakuomba kalamu. Aliikunja mikono yake mapajani akangoja.

Nikasema, "Topchubai."

Halikusikika vizuri, nilikuwa sijawahi kulisema, mdomo haukujua njia. Nikalirudia kwa nguvu. "Topchubai, mgawa maji wa Oruk-Bashi. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyeacha nafasi, na kosa ni langu." Kisha nikainama nikaliandika, herufi zote.

Nyuma mwanamke mmoja wa kwetu akasema, "Bi harusi hana haya." Mwingine akamwambia nyamaza. Mwalimu Hosiyat alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Topchubai ametangulia," akasema. "Nani amebaki kwenye nyumba yake?"

Nilihesabu pumzi zangu. Zilikuwa tisa. Kisha Ermek akasimama. Aliegemea jembe kama mzee. Alisema baba yake aliahidi, yeye alikuwepo, alisikia, na hakutimiza. Alisema lango la chini litafunguliwa leo. Hakusema zaidi, na alipoketi alikaa mahali pengine, sio pale alipokuwa.

Watu wa Safedbogh hawakupiga makofi. Matunda yao yako chini ya miti. Mavjuda alinigusa bega mara moja, akaenda zake na wenzake, kushuka na maji.

25 Juni

Siku tatu sijaongeleshwa na mama mkwe. Wanawake kisimani wananyamaza nikifika.

Ermek ameziba lile tawi dogo kwa mikono yake. Sasa tunabeba ndoo kupanda kilima asubuhi, yeye mbili, mimi mbili, na tumeamua miche kumi na mitano ya chini ndiyo tutakayoiokoa. Leo tulipumzika katikati ya njia. Alisema, huku akitazama maji ndani ya ndoo, "Ningeliandika siku ile ya mafuta ya trekta. Nilikuwa naweza kunawa."

Nilimwambia nami ningempa Mavjuda kalamu. Tukaketi hivyo. Bado nampenda, lakini sasa nampenda nikiwa macho, na usingizi ule ulikuwa mtamu.

28 Juni

Leo mchana mama mkwe ameingia chumbani kwangu, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nifike. Amekaa ukingoni mwa sanduku. Nilisimama nikainama, nikangoja maneno niliyostahili.

"Lile daftari jeusi liko wapi?" akauliza.

Nikalitoa. Aliliweka magotini, lakini macho yake hayaoni maandishi madogo tena, akanirudishia.

"Nisomee yale aliyosema."

"Yote, Mama?"

"Yote. Na jina."

Nilisema nimemkosea, nilisema nisamehe. Akatikisa mkono kama anayefukuza nzi. Alisema tangu wamtoe nyumbani Aprili hakuna wa nyumba hii aliyemtaja ndani ya kuta hizi. Mwanawe humwita marehemu. Wajukuu wakija humwita babu. Yeye mwenyewe hawezi, mdomo wake umeshazoea, utakufa hivyo. Alisema pale Mkutanoni, nilipolitamka, alikasirika kwanza, na halafu akageuka kutazama kama mumewe anakuja.

Nikamsomea. Nilisoma taratibu, kuanzia yawe mengi, yawe machache, mpaka mwisho. Nilipokuwa nasoma niliona kwamba nafasi niliyoiacha Machi ilikuwa imelitosha jina lote, na bado kando yake pamebaki peupe.

Mama alikuwa amefumba macho.

"Tena," akasema.

Nikamsomea tena.